Mkwe Katika Chumba cha Daktari

Agustina wa Itiryo hakuwa mwoga. Naomba hilo lieleweke kwanza, kabla msomaji hajaanza kumcheka. Mwanamke huyu aliwahi kumfukuza fisi zizini akiwa na mwiko mkononi, na mwiko wenyewe ulikuwa bado una ugali. Alipofiwa na mumewe akiwa na miaka thelathini na tisa, alisimamia shamba, ng'ombe na watoto bila kumpigia mtu magoti. Hata siku ile mizani ya zahanati ilipogota kwenye kilo mia na ishirini ikashindwa kuendelea, hakulia wala hakujificha. Alikwenda moja kwa moja kwenye ghala la mahindi, akapanda mizani ya magunia mbele ya wabeba mizigo, akamwambia kijana wa mizani, "Pima, mura! Unaogopa nini?" Mizani ikasoma kilo mia moja thelathini na nane, naye akashuka akicheka.

Kitu kimoja tu kilimshinda Agustina hapa duniani, nacho ni mkwe.

Wakurya wanajua ninachosema. Mama mkwe na mume wa bintiye hawapeani mkono, hawali sahani moja, na wakikutana njiani mmoja humpisha mwenzake. Mambo ya mwili hayatajwi kabisa mmoja akiwa karibu na mwingine. Agustina aliishika mila hiyo kwa mikono miwili. Mkwe wake, Gasto, alikuwa Mhaya wa Muleba, tabibu aliyepangiwa kazi na serikali upande wa Busawe, wilayani Serengeti, na huko ndiko alikomwoa Boke, binti pekee wa Agustina. Kwao Muleba wakwe huheshimiwa pia, lakini si kwa kiasi cha kukimbiana. Kwa miaka sita ya ndoa kijana wa watu alikuwa amemzoea mama mkwe wake kwa mgongo tu. "Shikamoo, mama," alizoea kusema kutoka uani, na "Marahaba" ikamjibu kutoka nyuma ya mlango wa jiko.

Basi uzito ule haukuja peke yake. Ulikuja na kisukari, na kisukari kikaja na ganzi ya miguu na macho yenye ukungu. Magoti nayo yalikuwa yakilalamika kila alipopanda kilima kwenda shambani, mpaka akaacha kwenda. Alikuwa amejaribu kupunguza kula, akapungua, akarudi palepale na kuzidi. Daktari wa Tarime hakumficha. "Mama, ukiendelea hivi, kisukari kitachukua mguu au macho. Kuna upasuaji wa kupunguza uzito, unafanyika Mwanza. Nakuandikia barua." Agustina aliogopa kuupoteza mguu kuliko kisu, akauza ng'ombe akakubali.

Ilipangwa Boke ndiye ampeleke mama yake. Lakini Boke alikuwa na mimba kubwa, na uchungu ukamshika siku mbili kabla ya safari. Nafasi hospitalini ilikwisha patikana, na kuipoteza kungekuwa kusubiri tena miezi na miezi. Ndipo Gasto, baada ya kumwona mkewe na mtoto wakiwa salama, akachukua begi akasema atakwenda yeye. Nani mwingine? Ndiye mtu wa dawa katika ukoo mzima. Wakasafiri, mkwe kiti cha mbele, mama mkwe kiti cha nyuma kabisa. Chakula alichomnunulia Musoma alikipitisha kwa abiria mwingine, na Agustina hakukigusa mpaka alipohakikisha Gasto ametazama mbele.

Daktari wao Mwanza alikuwa mwanamke, Daktari Efrazia, mtu wa sauti ya upole na macho yasiyopitwa na kitu. Aliwakaribisha wote wawili, akachukua karatasi akachora matumbo matatu.

"Njia ziko tatu, mama," alisema. "Ya kwanza ni puto. Linapitishwa mdomoni, linajazwa maji tumboni ili ushibe upesi, na baada ya miezi sita tunalitoa."

"Nitoke Itiryo kuja kumeza puto kama mtoto wa sikukuu?" Agustina aliuambia ukuta. Alikuwa amekaa upande, kanga kichwani, kwa kuwa mkwe alikuwa kwenye kiti cha pili.

Daktari akacheka. "Na kweli kwa uzito wako na kisukari chako, halitoshi. Ya pili ni kupunguza tumbo. Tunakata sehemu kubwa ya tumbo na kuitoa, inabaki nyembamba kama ndizi. Ya tatu ni kuchepusha. Tunatengeneza kifuko kidogo kama yai hapa juu, kisha tunauleta utumbo na kuuunganisha hapo, chakula kipite njia mpya. Hiyo ina nguvu zaidi kwa kisukari, lakini utameza vidonge vya vitamini maisha yako yote bila kukosa."

Gasto akainama mbele kwa adabu. "Mama, kwa maoni yangu, hiyo ya pili. Itiryo ni mbali, vidonge vya kila siku vinaweza kukosekana. Kupunguza ni rahisi zaidi, hakuna kuunganishaunganisha."

"Kama mkwe kasema," Agustina akajibu, "basi ni hiyo."

Daktari hakuandika. Aliichezea kalamu yake kidogo. "Kabla ya hapo nina swali. Jana kamera iliyopita kooni imeona wekundu kidogo tu, lakini kamera haioni kila kitu. Mama, unapata kiungulia? Tindikali ikipanda kifuani, ukilala au ukiinama?"

"Sina."

"Nauliza kwa sababu moja. Mwenye kiungulia kikali nikimpunguza tumbo, linabana, na tindikali inasukumwa juu. Anaweza kuungua kuliko mwanzo, mpaka ajute. Na tumbo lililokatwa halirudishwi. Una kiungulia, mama?"

"Nimesema sina."

"Na vidonge vya maumivu je? Vile vya magoti?"

"Wala sivijui."

Uongo mtupu! Miaka mitano sasa Agustina alikuwa akilala ameketi, mito mitatu mgongoni, kibuyu cha maziwa ubavuni. Akithubutu kulala chali, maji makali yalipanda mpaka kooni akaamka anakohoa kama mtu aliyevutishwa pilipili. Na vidonge vya magoti alivinunua kila siku ya mnada, akavimeza kama karanga. Boke alijua yote. Gasto hakujua hata moja, kwa kuwa hakuna aliyekuwa na kinywa cha kumwambia.

Msomaji atasema, si angemwomba mkwe atoke nje? Rahisi hiyo kwa msomaji. Kwa Agustina, kumfukuza chumbani mkwe aliyeacha kitoto cha siku mbili ili amsindikize kungekuwa tusi. Na kutamka mbele yake kwamba tumbo lake linacheua ovyo kungekuwa kuvua nguo sokoni. Akaona heri aungue. Daktari akasema fomu ya ridhaa itasainiwa kesho asubuhi.

Asubuhi hiyo simu ya Gasto ikalia wodini. Gasto akaiweka juu ya stuli, akarudi nyuma hatua tatu ili mama mkwe aichukue, kisha akatoka kwenda koridoni.

"Mama, umeamkaje?" Ilikuwa sauti ya Boke, na nyuma yake mtoto analia. "Wamekubaliana upasuaji upi?"

"Wa kupunguza. Mumeo ndiye aliyeshauri."

"Hata baada ya kuwaambia habari ya kiungulia?"

Agustina akashusha sauti. "Ningeisemaje, na mumeo amekaa pale kama jaji?"

Boke akalipuka. "Mama! Wewe unataka kukatwa tumbo kwa aibu?"

"Usinipigie kelele. Wewe ni mtoto, hujui heshima ya mkwe."

"Mimi sijui aibu? Mama, unajua nimezalishwa na nani?"

"Na wakunga wa hospitali."

"Zamu ilikuwa ya Athanas."

"Athanas yupi? Athanas wetu? Yule wa nyumba ya pili, mliyechunga naye mbuzi?"

"Huyohuyo. Sasa ni muuguzi. Alipoingia nilitamani ardhi ipasuke. Nikamwambia sitaki, nileteeni mwanamke. Hakukuwapo mwingine, na mtoto alikuwa amekaa vibaya. Mama, nilijifunika uso kwa kanga, lakini huko chini sikujifunika. Ningejifunika, mtoto angetokea wapi? Sikioni?"

Agustina akataka kukemea, kicheko kikamtoka kabla ya kemeo. Akacheka mpaka kitanda kikalia. Kisha machozi yakamjia, maana sasa alielewa kwamba angewapoteza binti na mjukuu kama Boke angeshikilia aibu kama yeye.

"Mtoto alikuwa amekaa vibaya, na hamkuniambia?"

"Tulikwisha pona, nikuambie ili iweje? Mwambie daktari, mama. Funika uso ukitaka."

Saa tatu Daktari Efrazia alifika na fomu, Gasto nyuma yake. Agustina alikaa kitandani, akaivuta kanga mpaka ikamfunika uso wote.

"Daktari, usinipe kalamu bado. Jana nilikudanganya."

Gasto, ambaye si mjinga, akageuka kuondoka.

"Mkwe akae," sauti ikatoka ndani ya kanga. "Yeye ndiye atakayenitafutia vidonge, kwa hiyo asikie. Ila atazame dirishani."

Gasto akatazama dirishani, akakaza macho kwenye mawe ya Mwanza kana kwamba ametumwa kuyahesabu. Nyuma yake mama mkwe akayamwaga yote: mito mitatu, kibuyu cha maziwa, maji makali kooni, kucheua, sauti iliyokwaruza kila asubuhi, na vidonge vya mnadani, viwili asubuhi na viwili jioni. Alisema haraka, kama mtu anayevuka mto wenye mamba. Alipomaliza alikuwa ameloa jasho.

Daktari akaichana ile fomu vipande viwili. "Mama, umejiokoa. Ningekupunguza tumbo, ungerudi kwangu baada ya mwaka unaungua mchana kutwa. Kwako naona inayofaa ni kuchepusha. Kifuko cha juu kinatengwa na tindikali, kwa hiyo kiungulia kwa wengi hupoa. Lakini vile vidonge vya magoti ni mwiko kuanzia leo. Vitakutoboa vidonda pale tulipounganisha. Na vitamini ni za maisha. Unakubali, au tufikirie tena?"

Gasto akazungumza na kioo cha dirisha. "Mama, nisamehe. Nilishauri bila kukuuliza."

"Ungeniuliza nisingekujibu," akasema Agustina. "Na hizo vitamini?"

"Nitazileta mwenyewe kila mwezi, hata kwa miguu."

"Basi nichepusheni," akasema, na wagonjwa wa vitanda vya jirani wakaangua kicheko, maana neno hilo lina maana zake mjini. Agustina naye akacheka humohumo ndani ya kanga, akatia sahihi yake kwa herufi kubwa.

Sitadanganya kwamba yaliyofuata yalikuwa sherehe. Wiki za kwanza aliishi kwa supu iliyochujwa na maziwa ya vijiko. Siku aliyojaribu kipande cha nyama mapema, alikitapika akajuta. Lakini mwezi wa pili alilala chali, bila mto hata mmoja, usingizi wa mtoto mchanga. Mwezi wa tano dawa za kisukari zilipunguzwa. Mwezi wa tisa alikuwa na kilo tisini na mbili, na kilima cha shambani alikipanda akisimama mara moja tu, tena si kwa sababu ya kuchoka bali kumkemea mtu aliyelisha mbuzi kwenye mtama wake. Gasto hakukosa mwezi. Alikuja na kopo la vitamini, akaliweka juu ya kigoda uani, akarudi nyuma hatua tatu. Safari moja Agustina alitoka mwenyewe jikoni, akalichukua, akamtazama usoni na kumwambia, "Ahsante, mwanangu." Gasto alimsimulia mkewe jambo hilo jioni ile mara nne.

Habari zikaenea mpaka Nyambureti. Siku moja akaja mzee Kisyeri, mtu mzito, shati likimbana vifungo. Alikwisha pata barua ya kwenda Mwanza. Akazunguka maneno weee, mvua, bei ya mahindi, mwishowe akauliza, "Mama Boke, hebu niambie wewe uliyepita huko. Kati ya puto, kupunguza na kuchepusha, ipi ndiyo nzuri?"

"Mzee wangu, hilo hata daktari hawezi kukujibu," Agustina akasema, "mpaka kwanza umwambie lile ambalo hutaki mkweo alisikie."

Mzee Kisyeri akatazama kushoto, akatazama kulia, akavuta kigoda karibu. "Kwa kweli," akaanza kwa sauti ya chini, "lipo."

Agustina akamwacha aseme mpaka mwisho, kisha akamwambia ayabebe yote hayo mpaka Mwanza asidondoshe hata moja njiani, kwa maana mficha uchi hazai.