Safu Aliyoisahau Takwimu

Nakiri mapema: katika msimu mzima wa mpira wa kikapu, mimi na wenzangu wa pale kwa kinyozi hatukumwona mchezaji namba kumi na nne. Tulimtazama, naam, maana alikuwa mrefu kama mnara. Lakini kutazama si kuona. Wahenga waliponena kwamba ukiona vyaelea vimeundwa, walituonya kuwa kila kinachopendeza kina mikono iliyokitengeneza mbali na macho yetu. Maana hiyo nilifundishwa na kisa cha Takwimu.

Takwimu alikuwa mwalimu wa hisabati. Jina hilo alibandikwa kwa sababu ya daftari lake, lenye safu za pointi, pasi na mipira iliyodakwa. Kila baada ya mchezo alisimama kati ya viti vya kinyozi akauchambua, nasi tukamsikiliza kwa utii, wengine tukiwa tumenyolewa upande mmoja. Sifa zake zikaifikia redio ya mtaa. Katika fainali ya mchujo, ambayo bingwa ni wa kwanza kushinda michezo minne, timu yetu na wapinzani wetu walipokuwa wameshinda mitatu kila upande, mtangazaji alimpa dakika tano hewani. Takwimu alimmiminia sifa mfungaji wetu hodari tuliyemwita Mshale, kisha akamgeukia namba kumi na nne.

"Yule ni gogo," alisema. "Safu zake zote ni tupu. Kocha amwache benchi."

Jina likaganda. Mtangazaji akamwahidi kwamba akiuchambua vyema mchezo wa saba, kipindi cha kila Jumatatu kitakuwa chake. Takwimu alikuwa akiitamani nafasi hiyo tangu utotoni, alipokuwa akitangaza mechi za kubuni kwa kutumia mwiko.

Jumapili alasiri, nusu saa kabla ya mchezo, umeme ulikatika mtaani kwa kinyozi. Takwimu alitimua mbio hadi kwa dada yake, mtaa wa pili, daftari kwapani, nami nyuma yake nikihema.

Dada huyo alikuwa dobi. Chumba chake cha mbele kilinukia wanga na mvuke, na shuka za hoteli zilirundikwa hadi usawa wa dirisha. Televisheni yake iliwahi kuanguka siku ya kuhama, na tangu hapo theluthi ya juu ya kioo ilikuwa nyeusi tititi.

"Dada, hii vipi? Kikapu hakionekani!"

"Kwani kikapu kinakwenda wapi?" alijibu, pasi ikiendelea kuteleza. "Kitakuwa palepale. Wewe tazama wanaokimbia."

Kila mpira uliporushwa ulipotelea gizani, Takwimu akaachiwa miguu, viuno na mabega. Robo ya kwanza yote alinung'unika. Robo ya pili alisogea karibu na kioo. Kila Mshale alipojiandaa kurusha, mlinzi wake alikuwa ameshakwama kwenye kifua cha Gogo. Gogo alifika, akasimama, akapigwa kikumbo, akaanguka, akaamka, akaenda kusimama kwingine. Mpira wenyewe hakuugusa.

"Huyo ndiye ninayempenda," Dada alisema. "Anawafungulia wenzake mlango, halafu anajibanza nyuma yake."

"Gogo? Dada, hana hata pointi moja!"

"Na mimi ninazo ngapi?"

Alilisema hilo kwa kucheka, huku akinyoosha kola ya shati ambalo Takwimu angelivaa redioni kesho yake. Takwimu hakucheka. Aliniambia baadaye kwamba wakati ule aliikumbuka hotuba yake ya siku ya mahafali. Aliwashukuru wahadhiri, wenzake wa bwenini, hata mtunza maktaba. Dada, aliyemlea baada ya mama yao kufariki, aliyeacha shule ili yeye aendelee, alikuwa nyuma ya ukumbi akikunja vitambaa vya meza. Hakumtaja.

Katika robo ya tatu Gogo alipata faulo ya nne, na kocha akamtoa asije akapata ya tano na kuondolewa kabisa. Hapo maji yakazidi unga. Kila Mshale alipogeuka, alimkuta mlinzi. Tulikuwa tunaongoza kwa pointi kumi na moja; punde wapinzani wakatupita kwa sita.

"Mrudishe Gogo!" Takwimu alipiga kelele, amesimama juu ya kikapu cha nguo.

"Na wewe shuka!" Dada alimkemea. "Kikapu pekee kinachoonekana humu ndani, unataka kukivunja?"

Dakika nne za mwisho Gogo alirudi. Akasimama, akaangushwa, akaamka. Mshale akapata nafasi, akafunga, akafunga tena. Tukiwa nyuma kwa pointi moja, sekunde ya mwisho, mpira ukapotelea gizani. Tukabaki kuikodolea macho miguu. Miguu ya wapinzani iliganda sakafuni. Ya wenzetu ikaruka.

Jumatatu asubuhi mtangazaji alikuwa na bashasha. "Haya, Mwalimu, Mshale katia fora! Tupe takwimu."

Takwimu alilifunga daftari. "Mshale amefunga pointi thelathini na mbili. Gogo hajafunga hata moja, na bila yeye tusingekuwa mabingwa. Nilisema aachwe benchi. Nilikosea, namwomba radhi."

"Mwalimu, umekuwa kinyonga?"

"Hapana. Televisheni mbovu imenitengeneza macho." Akaigusa kola ya shati lake. "Na yupo mwingine ambaye sikumwandika. Dada yangu ni dobi. Shati hili kalinyoosha yeye, na maisha yangu pia. Siku ya mahafali niliwashukuru wote isipokuwa yeye. Ahsante sana, Dada."

Mtangazaji akaweka wimbo kabla ya wakati wake, jambo lisiloruhusiwa redioni.

Takwimu alipotoka tu studioni, simu yake ililia. "Wewe mtoto! Unanisema redioni wateja wamejaa! Nimeunguza shuka ya watu!" Dada alifoka, kisha sauti ikamkatika, Takwimu akamsikia akivuta kamasi. "Jumapili uje," alisema hatimaye. "Kuna shuka kubwa, peke yangu hazikunjiki vizuri."

Kipindi cha Jumatatu sasa ni cha Takwimu. Daftari lake lina safu mpya, ya kwanza kabisa, ya wanaowafungulia wenzao njia. Na kila Jumapili, kabla ya mchezo kuanza, yeye hushika ncha moja ya shuka, dada yake akashika nyingine. Hakika, ukiona vyaelea, vimeundwa.