Mama Haleluya Aulizwa Maana

Palikuwa na fundi cherehani mwenye ulimi mwepesi kuliko sindano yake. Uzi ukipenya, "Haleluya!" Uzi ukikatika, "Haleluya!" Kanisani aliitikia mpaka vioo vya madirisha vikatetemeka. Mtaa mzima ukamwita Mama Haleluya, na jina likamkaa kama gauni la kupimiwa.

Aliishi na wifi yake, aliyepooza miguu na aliyekuwa ameokoka karibuni. Siku moja wifi alikuwa akimsaidia kushona vifungo, akauliza, "Wifi, hilo neno lako lina maana gani? Nataka nilijue kabla sijalitia kinywani."

Fundi alitoka jasho. Hakujua. Lakini Mama Haleluya mzima asijue haleluya? Heri ameze kifungo!

"Ni shukrani ya aliyeponywa," akajibu, kisha akakanyaga cherehani kwa kishindo ili swali la pili lisisikike.

Tangu hapo, kila waumini walipokuja kusali nyumbani kwao, haleluya ikiitikiwa wifi alifumba mdomo. Watu wakaanza kunong'ona kwamba ana moyo mgumu. Jioni moja fundi mwenyewe akamsuta mbele ya wote.

"Wifi, hata Mungu unamnunia?"

"Simnunii," wifi akasema, machozi yakimlengalenga. "Si wewe uliniambia ni neno la waliopona? Miguu yangu ndiyo hii. Nimdanganye Mungu?"

Fundi alinywea kama kuku aliyenyeshewa. Alitamani ardhi ipasuke immeze, ila sakafu ilikuwa ya saruji. Akamgeukia mchungaji aliyekuwa akiongoza sala.

"Mchungaji, maana yake nini? Mimi sijui. Sijapata kujua."

Mtu mmoja aliguna. Mwingine alicheka kwa pua.

"Ni neno la Kiebrania, la kwenye Zaburi," mchungaji akasema taratibu. "Maana yake, 'Msifuni Bwana.' Ni mwito kwa watu wote. Mgonjwa naye anaitwa."

Fundi alishindwa kumtazama wifi yake usoni. "Nisamehe, wifi. Niliona haya kusema sijui, nikakunyang'anya neno."

"Ungesema hujui, si tungeuliza pamoja? Haya, nipishe."

Wifi akavuta pumzi. "Haleluya," akasema, kwa sauti nyembamba inayotetemeka. Chumba kizima kikaitikia, isipokuwa fundi. Yeye alikuwa ameufukia uso katika kitambaa cha mteja.

Wahenga hawakuona haya kuitamka methali hii, nasi tusione haya kuisikia: mficha uchi hazai.