Nusu Bei kwa Madam Editruda

Gazeti lilitangaza kwamba msomaji atakayepeleka kuponi kwenye saluni ya Madam Editruda, Sinza, atasukwa kwa nusu bei. Madam alipenda kutangazwa, ila kupunguza bei hakupenda. Msichana aitwaye Sikudhani, wa mtaa wa pili, alipoingia na kandambili zake na kuponi mkononi, Madam aliwakonyeza wateja wake wenye pochi za bei mbaya.

"Nusu bei ni nusu kichwa, mdogo wangu. Ukitaka kichwa kizima, lipa kizima."

Saluni nzima ikacheka. Sikudhani akakaa kitini.

"Haya, dada. Nisuke upande wa kulia. Ila unisuke vizuri."

Akasukwa, akalipa, akashukuru. Kisha akaketi kwenye benchi la nje, mlangoni kabisa, chini ya bango lenye sura ya Madam. Kulia rasta zilikuwa zimelala vizuri. Kushoto nywele zilisimama kama zimepigwa shoti.

Likaja gari la bibi harusi na wapambe wake.

"Mama yangu! Nani kakufanya hivyo?" bibi harusi akamuuliza Sikudhani.

"Madam Editruda, humo ndani," Sikudhani akajibu kwa upole. "Karibuni, hakuna foleni."

Gari likageuza. Madam akatoka mbio.

"Ingia nikumalizie!"

"Kuponi nimeshaitumia, dada."

"Bure! Nimesema bure, ingia!"

Sikudhani akaingia, akajiegemeza kitini kama mwenye saluni.

"Ila upande huu usipendeze kuliko ule, dada. Watu watasema ukilipwa ndipo unapoharibu."