Kadi ya Picha ya Siwema

Siwema alikuwa akihariri video za harusi, na kompyuta yake iliganda kila bibi harusi alipofika kwenye keki. Siku moja aliifunga kwenye kanga, akaipeleka kwa Kasanzu, mwenye duka kubwa la kompyuta kuliko yote mjini.

"Nataka kuiongezea kadi ya picha tu, bosi, isigande kwenye video. Ile ya bei nafuu, si hizo ghali za kwenye kabati la kioo."

Kasanzu alifungua mfuniko, akachungulia ndani, akacheka. "Dada, hii ni bibi kizee! Ina miaka kumi. Ukiiwekea kadi unatupa hela. Nunua mpya."

"Miaka kumi? Una hakika?"

"Kazi hii niliianza wewe ukiwa shule."

"Basi niandikie, bosi. Mume wangu haamini maneno matupu. Na upige mhuri, maana bila mhuri kwake hiyo ni karatasi ya kufungia maandazi."

Kasanzu aliandika kwa mbwembwe, wateja wakimtazama: mashine hii ina miaka kumi, imechoka. Akagonga mhuri wa duka.

Siwema aliipuliza karatasi hadi wino ukakauka. Kisha akatoa risiti mkobani, akailaza kando yake.

"Hii ulimpa mume wangu mwezi uliopita, ulipomuuzia mashine hii hii. Umeandika: kompyuta mpya kabisa, waranti mwaka mmoja. Mihuri imefanana, au ni macho yangu?"

Wateja walisogea kuzisoma karatasi zote mbili.

"Dada," Kasanzu alinong'ona, "ulisema unataka kadi gani?"

"Nilipoingia nilitaka ya bei nafuu. Sasa nipe ile ya kwenye kabati la kioo."