Wimbo wa Kumuaga Mkunga

Anayetaka kukumbatia kila kitu kwa mpigo hubaki mikono mitupu. Mtunzi wa nyimbo aliyeitwa Kinanda alifundishwa hayo tangu shuleni, ila kujua si kufuata.

Mama yake mzazi, mkunga wa hospitali, alikuwa anastaafu, na kwaya ya wauguzi ilimwomba Kinanda atunge wimbo wa kumuaga. Akajifungia chumbani akamwaga ufundi wake wote. Sauti ilirukaruka, mapigo yakabadilika kila mstari, na hapakuwa na kipande kilichorudiwa. Alipomaliza, kichwa kilimvimba kwa majivuno.

Kwaya ile ilikuwa na desturi yake. Wimbo mpya ukishafundishwa, watu hunywa chai na kupiga soga, kisha huuimba bila ala yoyote. Ukisahaulika, huachwa. Siku hiyo, vikombe viliporudishwa, hakuna mwimbaji aliyeweza kuuimba. Kiongozi wao alimwambia Kinanda kwa upole kwamba asipoleta mwingine kesho yake, mkunga ataagwa kwa wimbo wa zamani.

Maneno hayo yalimkata maini. Mama aliyewapokea watoto wa mji mzima aagwe kwa wimbo wa kuazima, na mwanawe ni mtunzi! Alifika nyumbani akamlalamikia mkewe, ambaye naye ni mwimbaji wa kwaya hiyohiyo.

"Mume wangu, pale katikati pana kipande kitamu," mkewe alimwambia. "Lakini kabla sijakionja, ushanipa kingine. Si ungeturudishia kilekile?"

Kinanda akaona haya, kisha akacheka. Alikichukua kipande kile kifupi, akakirudia, akigeuza mwisho wake kidogo tu ili sikio lisichoke. Sauti zikapanda taratibu kama mtu apandaye ngazi. Mruko mkubwa akauweka mahali pamoja tu, penye neno "mama". Akaacha nafasi za kupumua. Mengine aliyoyapenda aliyafuta, roho ikimuuma.

Kesho yake chai haijaisha, watu walikuwa wakiuimba wimbo huo wenyewe huku wakikoroga sukari.

Siku ya kuagwa, mkunga, ambaye sauti yake ilikwaruza kama mlango mbovu na mwenyewe hakukataa, alidakia kiitikio kabla ubeti wa pili haujaisha. Aliukosea ule mruko, akacheka huku machozi yakimtoka, akaurudia. Kinanda alifurahi kupita kiasi. Wimbo wake wa kwanza ulikuwa na kila kitu, ukakosa mtu wa kuuimba, kwani mtaka yote hukosa yote.