Mguu wa Pankrasi

"Mwenye kuoshwa hutoa mguu unaouma." Mmemsikia Bibi Gaudensia akimwambia mjukuu wake maneno hayo, nanyi mmetaka kujua yalikotoka. Basi methali hii ilianza hapa hapa parokiani, na ilianza hivi.

Zamani zile kilima hiki hakikuwa na barabara. Mgonjwa alibebwa kwa machela hadi hospitali ya misheni, mwendo wa saa tano, na wabebaji walikuwa wanaume wa Chama cha Mtakatifu Yosefu. Aliyekianzisha ni Pankrasi Sunzu, mume wa Gaudensia, na kwa miaka kumi na tisa yeye ndiye aliyeshika mti wa mbele. Alikuwa mtu wa kutoa. Kupokea hakukujua, hata ukimpa kiti, alikurudishia ukikalie wewe.

Kwaresima moja jembe lilimkata juu ya kisigino cha mguu wa kulia. Alilifunga jeraha kwa kitambaa, akavaa buti, akanyamaza. Lilipoanza kunuka, mkewe alimsihi akubali kupelekwa hospitali. Pankrasi alikataa katakata. Yaani wanaume aliowafundisha kubeba wamwone amelazwa juu ya machela kama mzigo? Mficha maradhi kifo humuumbua, hilo alilijua, lakini fahari huziba masikio.

Ikafika Alhamisi Kuu. Kwa desturi yetu, wanachama kumi na wawili wa chama walikaa mbele ya altare waoshwe miguu. Wote walivua kiatu cha kulia. Pankrasi alivua cha kushoto. Padri Desideri alipopiga magoti mbele yake alisita, akamuuliza kwa sauti ya chini ule mwingine una nini.

"Huu ndio mzuri, Padri," Pankrasi alijibu.

Padri akauosha, akaubusu. Pankrasi alishikwa na aibu iliyomchoma kuliko jeraha lenyewe, na bado hakusema.

Jumatatu ya Pasaka, akiwa kwenye mti wa mbele, mguu ulimsaliti mteremkoni akaanguka. Mama mgonjwa waliyembeba aliporomoka pamoja naye, akavunjika mkono. Wenzake walipomvua Pankrasi buti, walilia, wanaume wazima. Siku hiyo walibeba wagonjwa wawili. Daktari alisema angefika wiki mbili mapema mguu ungepona. Sasa ilibidi ukatwe chini ya goti. Kilichomliza Pankrasi kule hospitalini hakikuwa mguu wake, bali mkono wa yule mama.

Mwaka uliofuata, Alhamisi Kuu, alikuja kwa magongo, akaketi na wenzake. Padri, kwa kumhurumia, alinyoosha mikono kuelekea mguu wa kushoto. Pankrasi akaurudisha nyuma. Alikunja suruali, akatoa kigutu chake, ambacho hata wakati huo kilikuwa kinamuuma.

"Huo ni mzima, Padri. Mwenye kuoshwa hutoa mguu unaouma."

Padri akakiosha. Karibu naye alikuwa ameketi Kornelio seremala, aliyekuwa akikohoa damu kwa siri tangu Januari. Baada ya misa Kornelio alimshika Pankrasi mkono, akamweleza yote. Wanachama walimbeba Kornelio hadi hospitali kesho yake, Ijumaa Kuu. Alitibiwa mwaka mzima, akapona.

Kornelio huyo ndiye anayewasimulia, wanangu, na anawaambia tena: mwenye kuoshwa hutoa mguu unaouma.