Msufi wa Jirani na Godoro la Mzee Shekalaghe

Asubuhi mmemsikia mama yenu akimwambia mjomba wenu, "Kabla hujakata msufi wa jirani, sogeza godoro lako." Mkacheka, kisha mkaja kuniuliza godoro na msufi vilikutana wapi. Vilikutana hapahapa Tanga, wajukuu zangu, na msufi wenyewe ulikuwa wangu. Methali hii ilianza hivi.

Nilikuwa napakana ukuta na Mzee Shekalaghe, fundi wa magodoro ya sufi. Mkewe, Bi Mwanamvua, alikuwa na pumu, na kikohozi chake nilikisikia mpaka chumbani kwangu. Mtoto wao Athumani, aliyekuwa Maskati, akawaletea mashine ya hewa. Ilivuta hewa ya nje, ikaipitisha kwenye chujio la karatasi nene, kisha ikaisambaza vyumbani ikiwa safi. Aliyekuja kuifunga alitaka mdomo wa kuvutia hewa uwe upande wa mbele, karibu na paa. Mzee akakataa katakata.

"Upepo mzuri uko uani," alisema. "Mimi nafanyia kazi huko miaka thelathini, utanifundisha wewe?"

Mdomo ukawekwa uani. Bi Mwanamvua akaanza kulala kama watu wengine, nami nikafurahi sana, maana nilimpenda mama yule. Lakini chujio la kudumu miezi sita likawa linajaa kwa wiki tatu. Likijaa, mashine inakoroma, hewa haipiti, na kikohozi kinarudi. Bei ya chujio jipya ilikuwa sawa na godoro zima, na Mzee alikuwa bahili hata wa salamu. Akaanza ujanja. Chujio la kwanza alilikung'uta ukutani, likachanika. La pili alilifua kwa sabuni ya mche, likawa uji. Mara ya tatu akaiwasha mashine bila chujio, na siku hiyo alikuwa na wageni. Sufi ikanyesha juu ya sinia la wali, mkwewe akadhani ameongezewa nazi, akala.

Hapo ndipo Mzee alipompata mchawi wake. Kama ni sufi, basi inatoka kwa jirani mwenye msufi! Mti ule niliachiwa na mama yangu, na ndio ulionilishia watoto. Mnunuzi wangu mkubwa wa sufi alikuwa nani? Mzee huyohuyo! Hilo halikumzuia kwenda kwa mwenyekiti wa mtaa kushtaki kwamba mti wangu unamuua mkewe. Mwenyekiti, ambaye godoro lake lilikuwa bado kwa fundi, akatoa ruhusa ukatwe.

Jumatano asubuhi akaja mkata miti, Mbaruku, na shoka begani. Niliingia uani kwa Mzee kwa hasira, Mbaruku nyuma yangu. Nikamkuta chini ya kibanda chake, ametandaza godoro lililopasuliwa, anaipiga sufi kwa fimbo ili ifumuke.

"Mzee Shekalaghe," nikamwambia, "huu ni mwezi wa masika. Tazama juu ya msufi wangu. Unaona tunda hata moja?"

"Sufi yake inabaki hewani!" akajibu, akapiga fimbo paa. "Mti wako," paa, "unanifilisi," paa, "na unaniulia mke!" Paa!

Kila alivyozidi kukasirika ndivyo alivyozidi kupiga, na kila alipopiga sufi iliruka juu kama moshi wa kuni mbichi, ikapinda kidogo, ikaingia yote kwenye mdomo wa mashine uliokuwa juu ya kichwa chake. Mashine ikakoroma. Ndani tukasikia kikohozi, kisha dirisha likafunguliwa.

"Baba Athumani!" aliita Bi Mwanamvua, akihema. "Punguza hiyo fimbo, nakufa mwenzio!"

Mbaruku, aliyekuwa mweupe kwa sufi kope hadi ndevu, akapiga chafya tatu, akalitua shoka chini.

"Mzee wangu," akasema, "kukata nitakata, ndiyo kazi yangu. Lakini kabla hujakata msufi wa jirani, sogeza godoro lako."

Mzee alibaki na fimbo hewani. Aliutazama mdomo wa mashine, akalitazama godoro, akaona aibu mpaka nikamhurumia. Aliinama akashika pembe moja ya godoro, nami, na hasira zangu zote, nikashika nyingine. Tukalipeleka upande wa pili wa nyumba, ambako upepo uliipeleka sufi mbali na mashine. Chujio lililowekwa wiki ile lilimaliza miezi sita yake, Bi Mwanamvua akalala, na msufi wangu ukabaki umesimama.

Kwa hiyo mkimwona mtu anatafuta shoka, msibishane naye sana. Muulizeni kwanza anafanyia kazi wapi, kisha mwambieni taratibu: kabla hujakata msufi wa jirani, sogeza godoro lako.